Tani Kumi za Fundi Jabez

Nimesafiri na mafundi wengi, walevi na wacha Mungu, na hakuna aliyenichosha roho kama shemeji yangu Jabez Escreet. Si kwamba alikuwa fundi mbaya. Angekuwa mbaya ningemwacha zamani nikatafuta meli nyingine, maana bandari yetu ya Hull, Uingereza, haijawahi kukosa meli. Tabu ni kwamba alikuwa mzuri mno. Aliweza kusimama mlangoni mwa chumba cha injini, kikombe cha chai mkononi, akasikiliza kidogo, kisha akakwambia ni beringi gani itaanza kupata moto kesho. Ukimwuliza jambo lolote la mvuke atakueleza mpaka uchoke wewe. Lakini ukimwuliza kimebaki kiasi gani, cha kitu chochote kile duniani, atakudanganya.

Uongo huo hakuuzua yeye. Ulikuwa desturi ya mafundi wote wa meli zetu za kwenda kaskazini. Kule juu, Kisiwa cha Dubu na kwingineko, ni mbali mno. Meli inaondoka Hull imejazwa makaa ya mawe mpaka kwenye ghala la samaki, na kadiri makaa yanavyopungua ndivyo samaki wanavyochukua nafasi yao. Sasa nahodha analipwa fungu katika mauzo, na sisi wa injini tunalipwa mshahara ule ule, samaki wajae au wasijae. Kwa hiyo nahodha akishapata samaki hana tena nyumba wala mke, anataka kuvua tu mpaka sakafu ya stoo ya makaa ionekane. Ndiyo maana fundi akiulizwa makaa yamebaki kiasi gani, hutoa tani kumi kichwani kabla ya kujibu. Tani hizo tuliziita makaa ya mke, kwa sababu ndizo za kukurudisha kwake.

Manahodha wote walilijua hilo, kwani si watoto. Nahodha akiambiwa thelathini husikia arobaini, anapanga safari yake kwa arobaini, na wote wawili wanatazamana kwa heshima. Kulitaja waziwazi ilikuwa ni utovu wa adabu. Na nahodha haingii kwenye stoo ya makaa kuhakikisha, kama vile fundi asivyogusa ramani za nahodha. Ukiniuliza basi faida yake ilikuwa nini ikiwa kila mtu anajua, utakuwa umeuliza swali nililouliza mimi mwaka wangu wa kwanza, na jibu lake lilikuwa kofi la kisogo.

Mafundi wengine waliuacha uongo huo melini pamoja na ovaroli zao. Jabez aliuleta nyumbani. Dada yangu Keziah aliishi na mtu anayesema sukari imekwisha ilhali kuna pakiti nyuma ya birika. Alimwambia meli itafika Alhamisi, akatokea Jumanne dada yuko katikati ya kufua, nyumba nzima imetandaa maji. Viazi vipo, atasema havipo. Alikuwa hana nia mbaya hata chembe. Alitaka tu kila jambo liwe na akiba, ili siku ya shida atoe kitu mfukoni na watu washangae. Keziah alizoea. Alijifunza kuongeza hapa na kutoa pale, na kwa miaka mingi walicheka pamoja.

Kisha mama yetu akaugua. Mimi nilikuwa maji ya Aisilandi, Jabez alikuwa nchi kavu meli yake inatengenezwa, na Keziah alikuwa Bridlington kwa shangazi. Mama alikuwa anakata roho, daktari alishamwambia Jabez wazi. Jabez akapanda treni kumfuata mkewe, na njiani, kwa akili zake zile, akaona si vizuri mwanamke alie safari nzima mbele za watu. Alipofika akamwambia mama ana kikohozi, anamwulizia. Basi. Keziah aliposikia kikohozi akamalizia kwanza kushona mapazia ya shangazi, akanywa chai, wakapanda treni ya jioni. Walipofika mtaani kwetu wakakuta madirisha ya mbele yamefunikwa mapazia kama nyumba yenye msiba, na barabara yote ya Hessle inajua maana yake.

Sitaficha, nilimchukia. Yule alikuwa mama yangu pia. Lakini hasira zangu zilikuwa za mdomo, za Keziah zilikuwa za vitendo. Alihamia nyumba ya mama, alikokuwa akikaa kaka mtu, yaani mimi, akamwacha Jabez peke yake nyumbani. Hakumtukana. Alisema tu kwamba hawezi kuishi na mtu ambaye kila neno lake inabidi alifanyie hesabu.

Jabez akaishi hivyo karibu mwaka mzima, amekonda, anakula mkate na mafuta ya nyama akiwa amesimama. Halafu akaokoka. Kulikuwa na kanisa dogo la mabaharia karibu na gati, na Jumapili moja alisimama mbele ya watu wote, jasho linamtoka, akaapa kwamba hatasema uongo tena, baharini wala nchi kavu, mdogo wala mkubwa. Keziah alikuwa amekaa benchi la nyuma. Wiki ile ile akarudi kwake na sanduku lake. Sharti lake lilikuwa moja. Kila Jabez akirudi kutoka baharini, kabla hajavua buti, yeye atamwuliza kama amesema uongo, na Jabez atamjibu kweli. Na siku jibu likiwa ndiyo, alisema, wataonana tena kwa Mungu tu.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta fundi wa pili kwenye meli iitwayo Lavinia, chini ya shemeji mlokole, na juu yetu sote nahodha Amos Stathers.

Stathers alikuwa mfupi, mnene, mwenye bahati ya samaki na kichwa kigumu kama nanga. Alisafiri na Jabez tangu meli za mvuke zilipoanza kwenda kaskazini, na alimpenda kwa namna yake. Mkewe alikuwepo kanisani siku ya kiapo, akamhadithia. Stathers alicheka hadi akakohoa. Alituambia gatini kwamba fundi aliyeokoka ni jambo zuri, maana sasa atakuwa anadanganya kwa sauti ya upole.

Safari ile ilikuwa mwezi wa kumi. Tulifika Kisiwa cha Dubu, tukatupa wavu, na chewa wakaja kama waliokuwa wakitungoja. Wavu ulipanda umevimba, winchi inalia, sitaha imejaa samaki hadi magotini. Watu walikaa wakipasua matumbo, maini yanatupwa kwenye mapipa, na baridi ilikuwa inagandisha mate kwenye ndevu. Maini ni mali ya mabaharia, ndiyo marupurupu yao, kwa hiyo hata waliochoka walikuwa wanaimba. Stathers alikuwa hatoki chumba cha usukani. Ilipofika siku ya kuanza kufikiria kurudi, akaita kwenye bomba la kusemea linaloshuka hadi kwetu chumba cha injini.

Aliuliza makaa. Jabez alikuwa ametoka stooni muda si mrefu na kamba yake ya kupimia, akajibu tani arobaini. Na arobaini, bahari ikiwa njema, ndiyo ya kutufikisha Hull.

"Arobaini," Stathers akasema, na hata kupitia bomba ungejua anakonyeza jicho. "Nimekusikia, Fundi. Basi tunavua kesho mchana kutwa."

"Nahodha, ni arobaini kamili. Sina nyingine."

"Huna, huna. Nani kasema unayo?"

"Naapa mbele za Mungu."

Tukamsikia akimwambia msaidizi wake kwamba Escreet amekuwa hodari, zamani alikuwa hata haapi.

Mimi nilishusha koleo. Nilimwambia shemeji hapa pana jambo dogo sana. Mwambie thelathini. Ukimwambia thelathini atasikia arobaini, na arobaini ndiyo kweli, wavu utapanda sasa hivi na sote tutaenda nyumbani.

"Hiyo si kweli," Jabez akasema.

"Ni kweli ikifika kule juu."

"Ikitoka hapa ni uongo, Clem. Mimi naulizwa kinachotoka hapa."

Nilimwangalia nikatamani kumpiga na lile koleo. Mtu amedanganya maisha yake yote, amedanganya juu ya sukari, juu ya viazi, juu ya mama yangu anayekufa, na leo, siku ambayo uongo una kazi ya kufanya, ndiyo siku anakuwa malaika. Lakini niliyaona macho yake. Alikuwa anamwona Keziah amesimama jikoni, anamngoja ajibu.

Nikapanda mwenyewe kwa Stathers. Fundi wa pili kwenda kwa nahodha juu ya kichwa cha fundi mkuu ni aibu, na niliibeba. Nilimwambia shemeji yangu ameacha ule mchezo, makaa ya mke hayapo, kilichopo ni arobaini. Stathers alinisikiliza vizuri, akanimiminia chai yenye maziwa ya kopo. Kisha akanipiga bega.

"Kakutuma?"

"Hajanituma. Njoo uangalie stoo kwa macho yako."

"Niingie stoo ya fundi? Unataka nimvunjie Jabez heshima baada ya miaka yote hii? Kijana, yeye anasema lake, mimi najua langu, na hatujawahi kugombana. Rudi kwenye boila."

Nikarudi. Ukitaka kujua mwanzo wa mvi zangu, ndio huo.

Tukavua siku ile na nyingine juu yake. Kila mara Stathers akiuliza, Jabez anasema kweli, na kila mara Stathers anaongeza kumi na kusifu. Hatimaye ghala lilipojaa akageuza meli. Hata hapo ilikuwapo nafasi. Tungeweza kuingia bandari ya Hammerfest tukanunua makaa, lakini makaa ya Norwe yanakatwa kwenye mauzo ya safari, na tajiri mwenye meli hukunja uso. Stathers akasema haina haja, Escreet ana zake chini. Tukapita mbali na pwani, moja kwa moja kusini.

Upepo ulitupata katikati. Ulitoka kusini-magharibi, usoni kabisa, na meli ikawa inakula makaa bila kusonga. Jabez alikuwa akitoa taarifa kwenye bomba kila zamu: ishirini, kumi na mbili, saba. Nadhani ilikuwa kwenye ile saba ambapo Stathers aliacha kujibu kwa mzaha. Akaja. Mara ya kwanza katika maisha yake alishuka ngazi ya chumba cha injini, akapita mbele ya boila, akatia kichwa stooni na taa. Palikuwa na vumbi na vipande vya kuokota kwa mkono.

Alikaa pale muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ziko wapi?" akauliza.

"Ziko wapi nini, nahodha?" Jabez akasema, na Mungu ananisikia, aliuliza kwa upole wa kweli.

Tukaanza kuchoma meli. Mbao za kutenganishia samaki ziliingia kwanza, zimelowa, zinafoka moshi. Kisha vitanda vya mabaharia, meza, milango, kiti cha nahodha. Presha ikawa inapanda kidogo na kushuka sana. Tusipokuwa na mvuke hatuna pampu wala usukani wa maana, na mawimbi yale yangetulaza ubavu mara moja. Ndipo mabaharia wenyewe wakayaleta mapipa ya maini. Hakuna aliyewaamuru. Waliyateremsha kwa kamba, marupurupu yao yote ya safari, wakarudi juu.

Maini yanawaka vizuri kuliko unavyodhani, ila yana hasira. Mchochea moto wetu wa boila aliitwa Obed Blenkin, mtu mzima mwenye wajukuu, mtaratibu, asiyemkosea yeyote. Alirusha ndoo moja ndani ya tanuri, meli ikainama, mafuta yakarudi yakiwa moto. Yalimpata usoni. Alianguka mbele ya Jabez. Jabez akamzima kwa mikono yake mitupu, akambeba, akamlaza juu ya magunia, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa anarusha ndoo.

Tuliokolewa na meli ya Grimsby, bandari hasimu ya ng'ambo ya mto wetu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtu wa Hull kuburuzwa na watu wa Grimsby ni msiba wa pekee, na wale jamaa walihakikisha hatusahau. Walipotufungia kamba mmoja wao alipaza sauti akauliza kama Hull mmeishiwa na mawe ya kuchoma sasa mnachoma samaki. Walituvuta hadi Ålesund, bandari ya Norwe. Obed alipona, jicho moja limefumba, na upande wa uso umekunjamana.

Pale Ålesund, tukipakia makaa, Stathers alimjia Jabez gatini. Nilikuwepo. Nilitegemea aombe radhi, mjinga mimi.

"Ungeniambia kwamba umeacha," akasema.

"Nilikwambia, nahodha. Niliapa."

"Uliapa, ndiyo. Lakini hukusema kama mtu anayesema kweli."

Nikaenda kusimama upande mwingine wa winchi, maana ningebaki pale ningefungwa na polisi wa Norwe.

Tuliporudi Hull nilifuatana na Jabez mpaka mlangoni. Keziah aliuliza swali lake, na Jabez akajibu hajasema uongo hata mmoja. Dada alifurahi. Habari za Obed zilikuwa zimetangulia mtaani, akamshika mume wake ile mikono iliyofungwa vitambaa, akamkalisha. Jabez alikuwa anaangalia sakafu. Baadaye nilimsindikiza kwa mke wa Obed kupeleka nyama na viazi, na yule mama alitushukuru sana, jambo lililokuwa baya kuliko kama angetutupia sufuria.

Safari iliyofuata Obed alirudi kazini. Alikuwa na jicho moja na wajukuu wanaokula. Tulikwenda tena Kisiwa cha Dubu, chewa wakaja tena, na siku ya kuulizana ikafika. Stathers alikuwa ameshatangaza mbele ya wote kwamba amejifunza, kwamba kuanzia sasa neno la Escreet ni neno la Escreet. Akaita kwenye bomba kwa sauti ya kistaarabu, akauliza makaa. Jabez akasema arobaini, kwa sababu zilikuwa arobaini.

"Asante, Fundi," Stathers akasema.

Nikashusha pumzi. Lakini hakukifunga kizibo cha bomba, na sauti yake ikaendelea kutushukia, anaongea na msaidizi wake. Alikuwa anafikiri kwa sauti, na fikra zenyewe zilikuwa na mantiki, ndiyo iliyoniuma zaidi. Alisema baada ya yaliyotokea safari ile, fundi gani mwenye akili timamu asingeficha akiba? Uso wa Obed unampita mbele yake kila zamu. Lazima ameanza tena. Arobaini ni hamsini. Tuvue kesho.

Nilicheka. Sikuwa na furaha, nilicheka kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Obed alikuwa mbele ya tanuri, ameegemea koleo, naye amesikia. Aligeuza tu kichwa ili jicho zima limtazame Jabez.

Jabez alisimama karibu na lile bomba, mkono mmoja ukutani. Alikaa hivyo nikadhani anaomba. Kisha akapuliza ndani ya bomba kumwita nahodha.

"Nahodha, nimehesabu vibaya. Ni thelathini."

Kisha Stathers akasema, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa rafiki yake wa zamani, "Thelathini. Aa. Vizuri, Fundi. Basi arob... basi tutapandisha wavu."

Wavu ukapanda. Tukageuza meli siku ile ile. Njiani upepo ulitusumbua, na tulipoingia mto Humber stooni palikuwa na makaa ya kujaza toroli chache tu. Tungevua ile kesho, tungekuwa tunachoma vitanda tena, na Grimsby si wajomba zetu kwamba watatungoja kila safari. Nilimwambia Jabez ameokoa watu. Nilimwambia hata hakudanganya, kwa kuwa kilichoingia kichwani mwa Stathers kilikuwa kweli tupu. Nilisema mengi, maana nilijua anakoelekea kichwa chake. Alinijibu mara moja tu, tukiwa tunasubiri lango la gati lifunguliwe.

"Nimekisikia kinywa changu, Clem," akasema.

Nikamsihi. Mwambie dada hapana, nikamwambia, mara hii moja, akiuliza sema hapana, ni mimi kaka yake ninayekuomba. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia aibe sadaka.

Keziah alikuwa ametengeneza keki za viazi zenye majani ya kiungo, jikoni pananukia, sufuria ya chai iko tayari. Jabez alisimama mlangoni na buti zake. Dada akauliza, karibu kwa mazoea sasa, huku anageuza keki.

"Umesema uongo?"

"Ndiyo. Mmoja."

Akaweka kijiko chini. Hakugeuka mara moja. Nikaanza kueleza mimi, mbio mbio, Stathers na arobaini na hamsini, mantiki yake ya kijinga, jicho la Obed, toroli chache zilizobaki. Nilieleza vizuri sana. Hata jiwe lingeelewa. Na yeye alielewa, si mjinga dada yangu, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila hatua. Nilipomaliza alivuta kiti akakaa.

"Ulifanya vizuri," akamwambia mumewe. "Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Usingesema, leo ningekuwa mjane."

Nikashukuru Mungu moyoni. Nikanyoosha mkono nichukue keki.

"Lakini Jabez," akasema, bila ukali wowote, "na siku ya mama ulidhani umefanya vizuri."

Uongo wote, huu na ule, Jabez aliusema kwa ajili ya mtu mwingine, asiumie, afanye lililo jema. Mmoja ulikuwa wa haki, na mwingine ukamnyima mtu kumuaga mama yake akiwa hai, na ulipotoka kinywani hakuna aliyejua upi ni upi, yeye akiwa wa kwanza wa kutojua.

"Sikufukuzi," Keziah akasema. "Ile ya kuonana kwa Mungu naifuta. Nataka tu uniambie. Ukiniambia jambo kuanzia leo, niongeze ngapi? Au nitoe?"

Alikuwa anauliza kweli. Alimngoja, amemtazama usoni, na keki zikaanza kuungua, hakuna aliyezitoa. Jabez akakaa palepale kizingitini, akavua buti moja, akavua ya pili, akazisukuma nje ya mlango.

Hakupanda meli tena. Stathers alikuja mara tatu kumbembeleza, akamwahidi heshima zote, hakuelewa hadi leo. Mimi nilipewa nafasi yake, na siipendi. Fundi bora kuliko wote waliowahi kutoka Hull kwenda kaskazini anafanya kazi kwenye gati ya makaa, kwa nusu ya mshahara, na mimi kila nikimpita nataka kulia kwa hasira. Amesimama kando ya mizani kubwa, koti lake jeusi kwa vumbi. Toroli inapanda, sindano inatulia. Mtu akimwuliza ni kiasi gani, Jabez hasemi kitu. Anasogea pembeni ili mwenye kuuliza asome mwenyewe.